Mnara wa Gibraltar Point Toronto ni nyota tano, ila waliotupeleka hata nusu siwapi

Jamani nimeacha siku zipite kwanza ndo naandika, maana ningeandika usiku ule ule yangetoka matusi matupu, na kiukweli hata sasa moyo haujatulia. Kwa wenye haraka nawapa jibu mapema: ule mnara wa taa wa mawe ulioko kule visiwa vya Toronto, Kanada, Gibraltar Point, nendeni mkauone, nendeni na wazazi, nendeni na watoto. Ila msimlipe mtu awapeleke, na hasa msiilipe ile kampuni ya kutembeza wageni niliyoilipa mimi. Jina siwataji, lakini wao wakisoma hapa watajijua.

Nilitaka kuwapa nyota moja kwa sababu feri haikuzama na tulirudi salama. Nikakumbuka alivyoambiwa mzee wangu, nikaifuta.

Ilikuwa hivi. Alikuja mjomba wangu kutoka Mwanza kunitembelea, majira ya joto, mzee wa miaka sabini na kitu, fundi mwashi tangu ujana wake. Kule Mabatini na Bugarika nyumba ngapi za mlimani zimesimama juu ya misingi ya mawe aliyoipanga kwa mikono yake, hata yeye hawezi kuzihesabu. Sasa nikawa nawaza nimpeleke wapi. Maghorofa ya vioo ya mjini alishayaangalia kwenye dirisha la gari siku ya kwanza akasema "sawa", yakaisha. Mtu wa mawe mpeleke kwenye mawe. Nikaona tangazo la hao jamaa, wanasema watakuvusha kwa feri, watatembea na wewe kisiwani, watakupa historia ya mnara, na "mtapanda ngazi mpaka juu kwenye taa". Maneno yenyewe hayo, picha ya skrini ninayo. Bei siyo ndogo lakini mjomba ndiye aliyenilipia ada ya sekondari baba alipofariki, kwa hiyo bei hatukuijadili.

Feri ya kwenda Hanlan's Point, kituo cha feri cha upande wa magharibi wa visiwa, ilikuwa raha, mjomba alisimama nje muda wote ameshika kofia, anasema upepo wa ziwa ni ule ule tu. Kule kisiwani watu binafsi hawaingizi magari, kimya chake ukitoka mjini unakishangaa, isipokuwa ndege za ule uwanja mdogo ulio pembeni zinakatiza kila saa. Hadi hapo sina neno.

Kijana aliyetuongoza, sijui alikuwa na nini siku hiyo. Tulikuwa kundi la watu wachache, tukashuka, akatusimamisha palipokuwa na uwanja wa zamani akaanza kutueleza habari za Babe Ruth, yule nyota wa besiboli wa Marekani, kwamba hapo ndipo alipogonga homu rani yake ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa mwaka 1914. Sawa, ni kweli, na wanaopenda besiboli wana haki yao. Lakini alieleza, akaeleza, akaigiza na kupiga, akapigwa picha, mimi naangalia saa tu. Halafu tukaanza kwenda mbio kuelekea mnara, mzee wa miaka sabini anakimbizwa, nikamwambia kaka punguza mwendo tuna mtu mzima hapa, akageuka akasema ratiba ni ratiba. Ratiba aliyoila mwenyewe!

Na nisisahau, hapo njiani kuna upande wa ufukwe ambao sheria inaruhusu watu kukaa uchi. Yeye anajua, ni kazi yake kujua, alitupitisha karibu kabisa bila kusema neno. Mimi na mjomba wangu, mtu ambaye nikiongea naye nainamisha uso. Mzee akageuza macho akaendelea kutembea kama hakuna kitu, lakini mimi niliona aibu ambayo hata sasa naisikia. Mkienda na wakwe au wazazi shikeni barabara ya ndani.

Tukafika. Sasa hapa niseme kitu kuhusu mnara wenyewe kwa sababu haustahili kuchanganywa na huu upuuzi. Unatokea ghafla kati ya miti, una pembe sita, umepanda juu ukiwa unabana kidogo kidogo, chini mpana juu mwembamba, kofia nyekundu juu, mlango mdogo mwekundu chini. Ni wa mwaka 1808, katika minara ya taa inayosimama hadi leo kwenye yale Maziwa Makubwa yote ya Amerika Kaskazini huo ndo mkongwe kuliko wote. Wamarekani walipovamia mji huu Aprili 1813, enzi hizo bado ukiitwa York, huo mnara ulikuwa tayari umesimama unawaangalia. Mimi siyo mtu wa majengo lakini nilisimama nikanyamaza.

Mlango umefungwa. Kufuli.

Nikasubiri kijana atoe ufunguo. Kijana anapiga stori na Wazungu wawili wa mbele. Nikauliza, tunapanda saa ngapi? Akasema ah, leo umefungwa. Leo! Nimekuja kujua baadaye kwamba huo mnara mwaka mzima hufungwa, hufunguliwa siku maalumu chache tu kama zile za Doors Open mwezi wa tano ambapo mji unafungua majengo yake watu waingie bure. Kwa hiyo hawa watu wanauza kupanda ngazi ambazo ufunguo wake hawana, na wanajua hawana, katikati ya kiangazi, na hela wanapokea. Hilo mimi naliita wizi, sina jina lingine.

Lakini kufuli siyo lililonichoma. Ningekuja kuandika malalamiko ya mistari miwili nikaendelea na maisha.

Mjomba hakujali mlango. Wakati mimi nabishana, yeye alishaenda kwenye ukuta. Akafumba jicho moja akaipima kona kwa macho kutoka chini hadi juu, wanavyofanya mafundi kabla hawajatoa timazi. Akaweka kiganja kwenye jiwe, akapitisha kidole gumba kwenye mota iliyo kati ya jiwe na jiwe, taratibu, kozi moja ya mawe, yaani mstari mmoja, akapanda ya pili. Akaniita, "Njoo uone mwanangu, huyu fundi alikuwa hana haraka." Akanionyesha mawe yalivyochongwa kwa pembe, kila kona imekaa kwenye nafasi yake, na pembe sita siyo mchezo, nyumba ya kona nne tu watu wanapinda. Halafu akarudi nyuma hatua kadhaa akaangalia juu muda mrefu, akasema, "Ila huu mnara umeanzwa na mtu mwingine na umemaliziwa na mtu mwingine. Jiwe la juu siyo la chini."

Mimi nikaangalia sikuona kitu. Nikasogea kwenye kibao cha historia kilichopo hapo nikamsomea. Kibao kinasema mwanzoni ulikuwa futi 52, mwaka 1832 ukaongezwa ukawa futi 82. Na nilipofuatilia zaidi nyumbani nikakuta jiwe la chini lilitoka Queenston na la juu lilitoka Kingston, machimbo mawili tofauti kabisa, pande mbili tofauti za ziwa. Mzee hasomi Kiingereza, hajawahi kusikia Queenston, aliona kwa macho tu akiwa chini! Kama ni mimi ndo naendesha kampuni ya kutembeza watu ningemwomba huyo mzee arudie tena kila mtu asikie.

Kijana alifanya nini? Akapaza sauti kutoka kule, siyo kwa mjomba, kwangu mimi: mwambie asiguse ukuta. Hakuna kibao cha kukataza kugusa. Watoto wa yule mama mwingine walikuwa wameegemea ukuta huo huo wanakula biskuti hawakuambiwa kitu. Nikameza mate nikanyamaza.

Mjomba, mtu wa heshima zake, akaondoa mkono, akaniambia nimwulizie swali moja kwa adabu. Alitaka kujua mbona mnara wa kuongozea meli uko msituni, maji yako mbali, taa si ingemulika miti? Swali zuri, hata mimi lilikuwa halijanijia. Nikalitafsiri, na "tafadhali" nikaongeza. Kijana bila kumwangalia mzee, yaani mzee amesimama mbele yake ameshika kofia mkononi anasubiri jibu, akaniambia mimi: mwambie sijui, na mwambie hii siyo darasa, tunachelewa feri.

Hivyo ndivyo alivyosema. Mwambie. Kama vile mjomba ni mtoto niliyekuja naye au ni kiziwi. Mjomba akaniuliza, "Amesemaje?" Mimi nikashindwa kutafsiri. Nikasema, "Hana hakika, mjomba." Akanitazama tu, watu wazima wanaelewa, akasema, "Mwache, bado mdogo." Mimi machozi yalikuwa yananilenga, ya hasira siyo ya huzuni.

Alichofanya mzee baada ya hapo ndo nataka mjue. Alichuchumaa pale chini ya mti, akafukua majani kwa vidole, akachota udongo wa chini yake, akausugua kwenye kiganja, akaupuliza. Mchanga. Mchanga mtupu mweupe wa ziwa, siyo udongo wa msitu. Akafukua mbele kidogo, mchanga. Akasimama akakung'uta mikono akasema, "Mnara haukujengwa msituni. Ulijengwa ukingoni mwa maji, ziwa ndo limesukumwa. Hapa tulipo palikuwa maji."

Na ndivyo ilivyo! Nimesoma mpaka usiku wa manane kwa ajili ya hilo swali. Ulipojengwa, maji yalikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, kama futi 25, leo unatembea kama mita mia kufika ziwani. Ni mchanga umejaa. Na mchanga wenyewe unatoka wapi? Unatoka kwenye yale magenge marefu ya Scarborough, mashariki mwa Toronto, mawimbi yanayakata, mkondo unausafirisha mchanga kuelekea magharibi, miaka maelfu kwa maelfu unajilundika mpaka ikatokea hiyo ardhi yote ya visiwa. Mimi naishi Scarborough, magenge hayo naenda kupunga upepo jioni. Tena zamani havikuwa visiwa, ilikuwa rasi imeshikana na nchi kavu, unakwenda kwa farasi, hadi dhoruba ya mwaka 1858 ikapasua njia ya maji upande wa mashariki na haikuziba tena. Kwa hiyo mnara ulijengwa kwenye rasi ukaja kujikuta kisiwani bila kuhama. Siku hizi mambo yamegeuka tena, tangu waanze kumwaga vifusi kutengeneza ule mkono wa ardhi wa Leslie Street unaoingia ziwani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 mchanga haufiki kama zamani, na ufukwe wa Gibraltar Point unaliwa. Mafuriko ya 2017 yalifunga visiwa hadi mwisho wa Julai, 2019 maji yakapanda tena. Haya yote yalikuwa jibu la swali moja la mzee, na mtu anayelipwa kujibu anasema siyo darasa.

Ila stori ya mzimu alikuwa nayo muda! Ratiba ikasimama ghafla. Mlinzi wa kwanza wa taa alikuwa anaitwa Radelmüller, Mjerumani, kabla ya hapo alitumikia kwenye nyumba za ukoo wa kifalme wa Uingereza, akaja huku akapewa kazi ya kuwasha taa, mafuta ya nyangumi hayo, mjomba alishangaa sana, ziwa la maji baridi na mafuta ya nyangumi yanaletwa kutoka baharini. Tarehe 2 Januari 1815 akauawa. Kijana akaigeuza kuwa kichekesho, ooh walevi, ooh pombe, wakamkata vipande vipande, na ukija usiku utamsikia anatembea, akawarukia wale watoto akawapigia ukelele. Watu wakacheka. Mimi sikucheka na sijutii. Ni mtu aliuawa, alikuwa na mke na binti mdogo. Askari wawili walishtakiwa kwa kosa hilo na wakaachiwa, na mwaka 1893 ikafukuliwa mifupa karibu na mnara, hadi leo hakuna anayeweza kukuapia kuwa ni yake. Ukiisimulia hivyo tu ilivyo inatosha, mtu mwenye moyo anatetemeka. Na hakusema hata sentensi moja kuhusu Wamississauga, wenyeji wa asili wa hapa, ambao kabla ya Mwingereza kutia mguu walikuwa wanaleta wagonjwa wao kwenye huo mchanga kupona.

Sawa, nijaribu kuwa mtu wa haki. Huenda yule kijana analipwa kidogo, huenda siyo yeye aliyeandika tangazo la uongo la kupanda ngazi, alitumwa tu akaja kukutana na kufuli kama sisi na akaona aibu, na watu wengine wakiona aibu wanakuwa wakali. Nilipofika nyumbani nililala na wazo hilo na asubuhi nilikuwa nimepoa, nikasema nitaandika nyota mbili, nitasema mnara mzuri, huduma irekebishwe. Nikawaandikia imeili ya upole kabisa, nikaeleza ngazi na nikaeleza mzee alivyoambiwa.

Wakajibu. Wamenirudishia nusu ya hela kwa sababu ya mlango. Na kuhusu mjomba wameandika kwamba wanasikitika kama mgeni wangu alipata shida ya lugha.

Shida ya lugha! Mjomba hakuwa na shida yoyote ya lugha, aliuliza kwa Kiswahili safi, mimi nikatafsiri kwa Kiingereza ninachofanyia kazi kila siku humu humu Toronto, kijana akasikia vizuri sana na akajibu vizuri sana kwamba hataki. Aliyekosa ni wao, na aliyeonekana ana tatizo ni mzee. Hapo ndo nyota zote zikafutika na hazirudi. Na msiniambie niko na hasira sana, waambieni wao.

Sasa kwa mtu anayetaka kwenda, fanya hivi. Panda feri ya kawaida ya Hanlan's Point kama raia yeyote, nauli yake ukilinganisha na nilicholipa ni bure. Ukishuka fuata barabara ya lami kuelekea kusini, ile ya ndani siyo ya ufukweni, ni kama nusu saa mwendo wa mzee asiyekimbizwa. Beba maji na chakula, pale mnarani hakuna duka. Ukifika usiende mbele kwanza, zunguka pembe zote sita, halafu simama mbali uangalie pale juu jiwe linapobadilika, ukishaoneshwa huwezi kuacha kuliona. Kuta za chini zina unene karibu futi sita, taa ilizimwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na hadi leo haujapinda, mjomba amesema atakayekuja kuupiga plasta huo mnara alaaniwe, na mimi naunga mkono.

Mjomba ameomba mwaka kesho nimtumie mwaliko mwezi wa tano, akimaanisha zile siku za mlango kufunguliwa, maana anataka kuona ngazi zimekaaje ndani ya pembe sita. Nitautuma. Nyie kampuni nusu ya hela yenu iko kwenye akaunti sijaigusa, niko tayari kuirudisha yote. Ninachodai ni barua ya kumwomba radhi mzee, iandikwe kwa jina lake, na siyo "mgeni wangu". Ikija ya Kiingereza nitamsomea.